Chumba Kilicholazwa

Mimi si mtu wa kuchanganyikiwa ovyo. Miaka ishirini na sita nachora majengo ya watu hapa Amman, kumi ya kwanza kwa kalamu ya wino na wembe wa kukwangulia makosa, iliyobaki kwa kompyuta, na mtu akiniuliza ukuta wake una sentimita ngapi humjibu bila kuinua kichwa. Kwa hiyo Jumapili ile, mzee mmoja alipoingia ofisini kwetu saa mbili na nusu asubuhi, nyusi zimejaa vumbi la pamba, akauliza, "Nani hapa aliyekifuta chumba changu?", nilidhani aliyechanganyikiwa ni yeye.

"Chumba gani, amu?"

"Changu! Kwani kuna kingine nilichokuja kukiulizia?"

Mhandisi Jeryes, mwenye ofisi, alichungulia kutoka kwenye mlango wake, akamtazama mzee, akanitazama mimi, akarudi ndani. Ndivyo alivyo bosi wangu. Ugomvi ukibisha hodi, yeye daima ana simu ya kupokea.

Nikamvutia mzee kiti. Akakataa kukaa. Jina lake Abu Mizhir, fundi magodoro wa Ngazi za Qattan, zile ngazi ndefu zinazopanda mlimani kutoka barabara ya soko. Miaka arobaini na moja anachambua pamba na kushona magodoro katika chumba kimoja pale ngazini, na analala humo humo juu ya kazi yake. Juzijuzi mgongo ulimkaba, akaenda kwa binti yake Madaba, akakaa siku tisa. Amerudi asubuhi ile na kukuta mlango wake umepigwa msalaba mwekundu wa rangi. Majirani wote wamepigwa namba. Yeye, msalaba.

"Nikamuuliza msimamizi wa waliopiga rangi, yule Dirgham mwenye miwani myeusi, msalaba maana yake nini. Akaniambia, haji, hapa kesho asubuhi tunajaza zege. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi ninakaa humo! Akaniambia, kwenye karatasi hakuna chumba. Nikamwambia, karatasi ya nini, mimi huyu nimesimama mbele yako, nanuka vitunguu nilivyokula! Akasema, haji, usinitie matatani, mimi nafuata karatasi. Karatasi imetoka kwa nani? Kwenu. Basi nimekuja."

Karatasi ilikuwa yangu. Zile ngazi zilikuwa zimeanza kupasuka, mlima unashuka kidogo kidogo, na wenye mradi wa kuzitengeneza waliamua kila uwazi ulio chini yake usio na mtu ujazwe zege. Ili wajue wapi pana watu na wapi hapana, walitaka mchoro. Sisi tukautoa. Niliuchora mimi, Hiyam, kwa mikono hii, na niliuonea fahari.

Nikaufungua kwenye kompyuta. "Haya, amu, nionyeshe. Chumba chako kiko wapi?"

"Ukiteremka kutoka msikitini, kidato cha sitini na mbili, mkono wa kushoto. Mlango wa kijani."

Nikahesabu. Kidato cha sitini na mbili, kushoto. Pale palikuwa na mraba safi wenye jina katikati.

"Hapa ni ua wa nyumba ya Um Nawras."

Uso ukamwiva. "Huyo mwanamke! Hata kwenye karatasi ananikalia!"

Nikaona, loh, kumbe ni ugomvi wa majirani. Nikamtuliza. Nikamwambia labda alikosea kuhesabu vidato. Akaniuliza kama mimi ninaweza kukosea njia ya chooni kwangu. Nikamwambia labda mlango wake uko upande wa kulia. Akaniuliza kama ninajua kulia na kushoto au anionyeshe. Nikaanza kupandwa na hasira, nami hasira zangu haziko mbali.

"Amu, sikiliza. Wapima walikwenda pale wiki mbili nzima. Wamepima kila kona. Wangekuona."

"Wameniona! Walikunywa chai kwangu! Mmoja alinishikia ncha ya tepu. Chumba mita nne kwa mita nne, hata mimi nilisoma."

Hapo ndipo nilipoanza kutokuelewa. Mtu hazushi tepu na chai kwa pamoja.

Nikafungua faili la asili, lile walilonipa wapima kabla sijaligusa. Sasa lazima nieleze jambo, na nitalieleza mara moja tu. Amman ni vilima vitupu, na mpima akiweka nukta kwenye kona ya ukuta, ile nukta huja na kimo chake. Ukichora mstari kutoka nukta mpaka nukta, mstari nao hubeba kimo. Kwenye kioo huoni kitu, maana unatazama kutoka juu: mistari yote inaonekana imelala, kumbe mmoja uko juu darini na mwingine uko bondeni. Wenye mradi hawataki mambo hayo. Wanataka mchoro bapa, kila kitu sakafuni. Basi unaushika mchoro mzima, unatoa amri moja, na mistari yote inashuka mpaka sifuri. Ofisini tunaita kulaza. Baada ya kulaza kuna kufagia: kompyuta inatafuta mstari uliolalia mwenzake, inaufuta mmoja, kwa sababu mistari miwili mahali pamoja ni takataka. Mimi ni bingwa wa kazi hii. Jeryes hutania wageni, "Mkabidhini Hiyam, atawalazia mpaka milima." Nami nilikuwa nacheka.

Basi faili la asili likafunguka, halijalazwa. Nikaenda kidato cha sitini na mbili. Nikaona mraba, majina nikiwa nimeyazima ili kuta zionekane vizuri. Nikashika kona moja, nikashika ya pili, nikapima.

Mita tano.

"Nne," akasema mzee, kaninamia begani.

"Hapa inasema tano."

"Pima tena."

Nikapima tena. Nne.

"Si nimekwambia?"

Nikapima mara ya tatu ili nimalize ubishi. Tano. Ya nne, tano. Ya tano, nne. Ukuta ule ule, kona zile zile, mkono ule ule. Nikafuta kipanya kwa ukingo wa shela yangu, nikakihamishia meza nyingine. Tano. Wallahi nilihisi kichwa kinanizunguka. Miaka ishirini na sita sijawahi kuona ukuta unaokataa kuwa na urefu mmoja.

Jeryes akatoka ofisini kwake, maana nilikuwa nimeanza kuitukana mashine kwa sauti. "Kompyuta imelewa," akasema. "Izime uiwashe."

"Au chumba kinapumua," akasema Abu Mizhir. "Na kipumue basi, kabla hawajakijaza."

Nikaizima, nikaiwasha. Tano, nne, tano. Jeryes naye akajaribu, akapata tano, akajaribu tena akapata nne, akaacha kutania. Tukabaki watu watatu tumekodolea macho mraba mmoja. Mzee akachoka, akakaa kwenye kile kiti alichokuwa amekikataa, mkono mgongoni. Akasema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Kesho nitalala wapi mimi?" Niliona haya, na wala sikujua bado haya ya nini.

Tano na nne. Ni baba yangu, mwashi, aliyenifundisha hesabu ile kabla sijaenda shule: ukitaka kona iliyonyooka, pima tatu huku, pima nne kule, na kamba ya mshazari lazima iwe tano. Kila mwashi anaijua. Tano yangu ilikuwa ya mshazari. Nne ilikuwa ukuta. Basi tatu iko wapi?

Nikasoma yale maandishi madogo yanayotokea chini ya kioo kila ukipima, ambayo hakuna anayeyasoma. Tofauti ya kimo: mita tatu, kushuka.

"Jeryes," nikasema. "Geuza."

"Nigeuze nini?"

Sikumngoja. Nikaugeuza mchoro ubavuni, nikautazama kama mtu anayetazama rafu za kabati. Sijawahi kufanya hivyo kwenye kazi ya mchoro bapa. Kwa nini nifanye? Na pale, mbele ya macho yetu, mraba mmoja ukawa miwili. Mmoja juu, mwingine mita tatu chini yake, kona juu ya kona, kama sahani mbili kwenye rafu mbili. Juu, ua wa Um Nawras. Chini, fundi magodoro.

"Ua wake ndio dari yangu," akasema mzee, akanishangaa. "Kwani hukujua? Nimekwambia ananikalia."

Nilipoulaza mchoro, ua ulishuka na chumba nacho kikashuka, vikakutana sifuri, kuta nne juu ya kuta nne. Nilipofagia, kompyuta ikaona mistari minne ya ziada, ikakifuta chumba kizima. Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba nilikumbuka. Nilikumbuka kuona majina mawili yamepandana katikati ya mraba ule, "ua" na "fundi magodoro", na nikasema moyoni, tazama wapima hawa walivyo wazembe, mahali pamoja wanapaita mara mbili. Nikafuta moja. Hilo kompyuta haikulifanya. Nililifanya mimi, na kikombe cha chai mkono wa pili.

Nikamwambia mzee, "Amu, ni mimi niliyekufuta."

"Basi niandike tena," akasema. "Kalamu si unayo."

Jeryes akaniita ndani, akafunga mlango.

"Tutawatumia mchoro mpya na barua," akasema. "Leo leo. Tuseme chumba kilifunguliwa baada ya upimaji."

"Kilifunguliwa na nani?"

"Na mwenyewe. Alikuwa na pango dogo, akalipanua. Mambo kama hayo hutokea."

"Jeryes, yule mtu yuko pale miaka arobaini na moja! Ukisema amepanua, umemfanya mvamizi. Kesho hawatajaza zege, kesho kutwa watamtoa kwa karatasi nyingine."

"Ni neno tu, Hiyam."

"Na 'ua' lilikuwa neno tu!"

Akashusha sauti. Si mtu mbaya, Jeryes, ni mwoga tu, na woga wake ndio umetulisha sote miaka hii. "Tukikiri kosa ni letu, watasimamisha mradi wote. Watatuuliza kila mstari. Watakagua ngazi yote kuanzia chini mpaka juu."

"Na wakague!"

"Unajua unachosema?"

Nilidhani najua. Nikakaa mezani kwake, nikaandika barua mwenyewe, mistari mitatu: kwamba chumba cha Abu Mizhir kipo, kilipimwa, na kilifutwa kwa kosa la mchoraji. Nikaandika jina langu kamili na la baba yangu. Nikachapa karatasi mbili, ya juu na ya chini, kila moja na kimo chake. Jeryes akashika muhuri hewani muda mrefu sana, kisha akaugonga kwa nguvu hata kikombe kikaruka.

Tulifika ngazini saa tano na nusu, mimi na mzee, yeye akisimama kila vidato kumi kushika mgongo na kunilaani kidogo. Dirgham alikuwa uani kwa Um Nawras. Walikuwa wameshatoboa sakafu, tundu la kupitisha bomba, na bomba lenyewe limezungushwa karibu na vyungu vya maua. Um Nawras, mama wa sitini hivi mwenye sauti ya kuuzia soko zima, amesimama mlangoni mikono kiunoni.

Dirgham akasoma barua, akazisoma karatasi, ya juu, ya chini, tena ya juu. Akavua miwani. "Sielewi. Ua ni ua au ni chumba?"

"Ni vyote viwili," nikasema. "Umesimama juu ya chumba chake."

"Lakini niliuliza! Mimi si mjinga. Nilimuuliza mama huyu, chini yako kuna mtu? Akanijibu hakuna mtu."

Tukamgeukia Um Nawras sote. Akabenua mdomo. "Nimesema hakuna mtu. Uongo? Huyo ni mtu?"

"Umesikia?" akasema Abu Mizhir. "Umesikia mwenyewe? Miaka kumi na tano ananimwagia maji ya kudekia, na sasa anataka kunimwagia zege!"

"Namwaga kwangu! Kama dari yako inavuja, iambie dari yako!"

"Dari yangu ni wewe!"

"Mama," Dirgham akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika, "uliniambia hakuna mtu, nikapiga msalaba. Mzee huyu angekuwa amelala humo ndani kesho alfajiri, mimi nisingejua. Tunajazia huku juu. Hatufungui milango."

Um Nawras akalitazama tundu. Akalitazama bomba. Rangi ikamtoka. "Nilikuwa namtukana tu," akasema. "Nani amewaambia muandike matusi yangu?"

Mzee alikuwa ameshateremka kwake. Tukasikia mlango wa kijani ukilia. Um Nawras akapiga magoti pale sakafuni, akaweka mdomo tunduni.

"Abu Mizhir! Upo?"

Kutoka chini, kwa mwangwi: "Nipo, ewe balaa!"

Akainuka, akajipangusa vumbi, akamnyooshea Dirgham kidole. "Andika. Yupo."

Dirgham akaandika. Nilicheka, na machozi yalinitoka, sikuyazuia. Um Nawras akaleta chai bila kuombwa, vikombe vinne, na kimoja akaagiza kipelekwe chini. Nikahisi mabega yangu yanashuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Dirgham alikuwa bado anazitazama zile karatasi mbili. Anazipandanisha, anazitenganisha. "Kwa hiyo ua unaweza kuwa na chumba chini yake, na kwenye mchoro kisionekane," akasema.

"Ndiyo."

"Kule juu, karibu na msikiti, kuna ua mwingine. Ule wenye mzabibu. Chini yake kulikuwa na mlango wa bati, umefungwa kwa kufuli. Kwenye karatasi hakuna kitu, nikajua ni pango. Tulilijaza Jumatano."

Abu Mizhir alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kikombe chake. "Mlango wa bati?" akasema. "Hicho chumba ni cha Rajai."

"Rajai gani?"

"Mtoto wa marehemu Wasfiyya. Yuko Uswidi. Kila mwezi wa nane anakuja, anakifungua, anakaa na vitu vya mamake siku mbili tatu, anafunga, anakwenda zake. Hapunguzi kitu, haongezi kitu." Akanywa chai. "Kuna kitanda, kuna cherehani. Godoro nilimshonea mimi."

Nikaukunjua mchoro wa kwanza, ule wangu safi, nikapanda kwa kidole mpaka karibu na msikiti. Mraba, jina moja katikati: ua. Nikajaribu kukumbuka kama niliwahi kuona majina mawili pale. Nikajaribu kwa nguvu zote. Sikumbuki. Mpaka leo sikumbuki, na hilo ndilo linaloniamsha.

"Nani ana namba yake?" nikauliza.

Um Nawras alikuwa nayo. Akaitafuta, akapiga, akanipa simu haraka haraka kana kwamba inamuunguza. Ikaita mara mbili.

"Um Nawras!" sauti ya mwanamume, kachangamka. "Kumbe umeshasikia? Nimekata tiketi jana, safari hii nakuja na watoto, wakaone chumba cha bibi yao."

"Mimi si Um Nawras," nikasema. "Mimi ni mchoraji."